Mkanda wa Gari la Injinia

Watu wa nyumba ile walikuwa na namna yao ya kusafiri. Kila asubuhi Injinia alipowasha gari ampeleke mkewe kazini na wajukuu wao wawili shuleni, mkewe alianza kusema, na hakunyamaza mpaka wafike. "Ah, taa nyekundu tena! Afadhali tupumzike kidogo." "Hebu mwone yule wa baiskeli, shati lake zuri, na anakatiza wala hageuki." "Lori hili nalo limeegeshwa vibaya, limekula nusu ya barabara." Wajukuu nao walishajifunza. Yule mkubwa, msichana wa darasa la nne, alikuwa hodari wa kusifia mbwa: "Babu, mbwa huyo mzuri! Huyo hapo mbele kabisa!" Injinia alikanyaga breki, akacheka, akasema mke wake uzee umemlegeza ulimi na sasa anawaambukiza hata watoto. Wote waliokuwa ndani ya gari lile walijua kwamba macho ya Injinia yamekwisha, na kwamba yeye ndiye anayeendesha.

Asiyemjua Injinia atauliza kwa nini hawakumwambia. Ni swali zuri, na ni rahisi kuliuliza ukiwa mbali naye. Injinia alikuwa mtu ambaye akikohoa chumbani, waliopo sebuleni hupunguza sauti ya redio. Hakuwa mkatili, wala hakumpiga mtu. Ila alikuwa na ukimya wake, na akikunyamazia unatamani bora angekutukana. Binti yake aliwahi kuthubutu kutaja daktari wa macho mezani. Injinia alimaliza kula, akanawa, na hakusema naye tena mpaka yule binti alipokuja kumwomba radhi kwa kosa ambalo hata yeye mwenyewe hakuweza kulitaja.

Jina la Injinia alipewa na wenye magari. Chuo hakukiona hata kwa nje, lakini karibu maisha yake yote alikuwa na gereji ya mabati pembeni mwa nyumba, na injini zilizokataliwa kwingine zilikuja kufufukia pale. Kisha siku moja akaifunga, akasema mgongo. Mgongo huo ulikuwa na adabu zake: ulimuuma akitakiwa kuinamia injini, haukumuuma akiinama kufunga kamba za viatu. Familia ikaupokea mgongo, ikauulizia hali kila asubuhi, na maisha yakaendelea.

Mdogo wake alikuwa kinyozi, na mtaa mzima ulimwita hivyo hivyo, Kinyozi. Wazazi wao walipofariki alikuwa bado hajui kufunga vifungo vya shati. Injinia ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamwozesha. Alijaribu pia kumfanya fundi, lakini kijana hakuipenda oili kwenye kucha, akakimbilia mkasi. Saluni kwake Kinyozi alikuwa bingwa wa maneno. Angeweza kumnyoa mtu huku anamwambia kwamba shati hilo limemkaa vibaya, na mtu akacheka na kurudi tena. Akifika kwa kaka yake, maneno yote yalibaki mlangoni pamoja na viatu.

Siku moja mchana shemeji yake, yaani mke wa Injinia, aliingia saluni, akaketi kwenye kiti cha kunyolea kwa sababu ndicho kilichokuwa kitupu.

"Shemeji, leo asubuhi tumepanda ukingo wa barabara," akasema, akimtazama kupitia kioo.

"Mmeumia?"

"Watoto wamecheka. Na mimi nikacheka, ili wasiogope. Yeye kasema barabara imechimbwa." Alishusha pumzi. "Wewe ndiye mdogo wake. Wewe ndiye anayekusikiliza. Mwambie."

"Nitamwambia."

"Hilo nimelisikia kabla ya mvua, na mvua zimekwisha."

Kinyozi akashika ufagio, akafagia mahali palipokuwa pasafi. Alimwogopa kaka yake, na hakuona haya kulikiri hilo moyoni mwake. Lakini usiku ule, kila alipolala, aliwaona wale watoto wawili kiti cha nyuma, mmoja anatafuta mbwa wa kusifia.

Kulipokucha akaenda kwa kaka yake na wazo. Injinia alikuwa amelalamika kwa muda kwamba mkanda wa taimingi umefika wakati wa kubadilishwa. Huo ni mkanda wa mpira wenye meno, umejificha ubavuni mwa injini chini ya vifuniko, na kazi yake ni kuzungusha puli ya juu na puli ya chini kwa mpangilio mmoja, ili valvu zifunguke pistoni zikiwa mbali. Ukikatika gari likiwa mwendoni, valvu na pistoni hukutana uso kwa uso, na hapo ujue huna injini tena. Mafundi wa siku hizi Injinia hakuwaamini. Alisema wanafungua kwa mkono mmoja, mwingine umeshika simu.

"Kaka, mkanda huo nitaubadilisha mimi," Kinyozi akasema. "Hapa hapa uani, Jumatatu, saluni ikiwa imefungwa. Wewe kaa kitini uniongoze."

Injinia aligeuza uso taratibu. "Wewe? Wewe uliyelia kwa sababu grisi imekuingia sikioni?"

"Nilikuwa mtoto."

"Ulikuwa na ndevu!" Injinia akacheka mpaka akakohoa, na furaha yake ilionekana wazi, ya mtu aliyekata tamaa zamani na leo anasikia hodi. Kinyozi akaona haya. Kwa maana wazo lenyewe lilikuwa hivi, na shemeji yake pekee ndiye aliyelijua: gari likishafunguliwa, haliendi popote. Wataliweka juu ya magogo, watalichelewesha wanavyoweza, na huko mbele Mungu atajua. Mpango wa pili hakuwa nao.

Jumatatu ikafika. Ua ulikuwa wa saruji, una bomba la maji pembeni, kamba ya nguo, na ngazi fupi ya kupandia jikoni. Kinyozi akachomoa waya wa betri, akainua gari kwa jeki, akatoa gurudumu la mbele, akaweka magogo. Injinia alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na ukuta, mikono juu ya magoti, kichwa amekiinamisha upande mmoja.

"Hiyo siyo spana ya kumi na nne," akasema. "Umechukua kumi na mbili."

"Umejuaje, kaka?"

"Umeiweka chini nikaisikia. Kumi na nne ina sauti nzito. Rudisha, usije ukala kichwa cha bolti."

Ndivyo walivyokwenda. Kwanza mkanda wa altaneta, ile inayochaji betri, kisha jeki na kipande cha ubao chini ya injini ili isining'inie, kisha mguu unaoishikilia injini, kisha puli kubwa ya chini ambayo bolti yake iligoma na kumtoa Kinyozi jasho la kweli. Injinia alimtania, akamsifia, akamwita mwanamke wa saluni, akamwita fundi. Muda mrefu Kinyozi hakuwa amemsikia akisema maneno mengi namna ile. Katikati ya furaha hiyo, Kinyozi akatia bolti moja mfukoni mwa aproni yake.

"Kaka, bolti moja siioni."

"Itafute."

"Natafuta."

Akaitafuta mpaka jua likashuka, akasema ameagiza nyingine, ambayo hakuiagiza. Wiki nzima gari likakaa juu ya magogo. Mke wa Injinia akawa anakwenda kazini kwa miguu, watoto huku na huku, na jirani mmoja akamwuliza anatumia mafuta gani, mbona uso umenawiri. Injinia naye alikuwa akitoka uani kila asubuhi, akilizunguka gari kwa kulipapasa, akiuliza bolti imefika wapi. Siku zilivyokwenda akaanza kununa. Jumatatu ya pili Kinyozi alipofika, alimkuta ameshakaa kitini.

"Leo tunamaliza," Injinia akasema. "Hata kwa kamba. Kesho watoto wanaenda shule kwa gari."

Basi bolti ikapatikana. Ilikuwa imebingirika, Kinyozi akasema, mpaka chini ya ngazi.

Kabla ya kuutoa mkanda wa zamani, injini huzungushwa kwa mkono mpaka pistoni ya kwanza ifike juu kabisa, na hapo alama ya puli ya chini hutazamana na alama yake mwilini mwa injini, na ya juu vile vile. Kule chini palikuwa pembamba, kichwa cha mtu hakipiti. Kinyozi akatumia kioo chake cha kazi, kile cha mkononi anachomwonyeshea mteja kisogo. Akakiingiza ubavuni, akaiona alama ya chini imekaa vizuri mahali pake.

"Sasa piga rangi kabla hujagusa kitu," Injinia akaongoza. "Kwenye mkanda na kwenye jino la puli, juu na chini. Mkanda mpya utauvisha kwa kufuata rangi hiyo hiyo. Akili inasahau, rangi haisahau."

Kinyozi akapiga rangi nyeupe. Lakini mkono wa kinyozi hauvumilii uchafu. Puli ya juu ilikuwa imevaa koti la vumbi na oili, naye akachukua brashi yake ya kupangusia shingo, akaanza kuisugua. Chini ya uchafu ikajitokeza alama ya kiwandani, mfereji mwembamba. Mstari uliopaswa kutazamana nao ulikuwa pembeni. Haikuwa sana, ni upana wa jino moja la mkanda.

Akadhani kioo kimemdanganya kule chini, kwa kuwa kioo hugeuza kushoto kukawa kulia. Akalala kifudifudi juu ya saruji, akalaza shavu mpaka akapaona kwa jicho lake. Chini palikuwa sawa. Akainuka, akaizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, polepole, akarudi pale pale. Chini sawa, juu jino moja nyuma.

"Zimekaa?" Injinia akauliza.

Kinyozi akaupangusa tena ule mfereji. "Zimekaa, kaka."

Mkanda ule wa zamani ulifungwa na Injinia mwenyewe, gereji ikiwa bado wazi na magari yamepanga foleni mpaka barabarani. Tangu hapo gari lilikuwa linahema likiona mlima, na likisimama kwenye taa linatetemeka mpaka vioo vinalia. Injinia akasema ni petroli. Petroli ya siku hizi, alisema, inachanganywa. Ikawa mzaha wa nyumbani: chai ikikosa sukari, petroli ya siku hizi, mtoto akifeli hesabu, petroli ya siku hizi. Kumbe haikuwa petroli. Fundi ambaye angeweza kufunga mkanda huu huku anazungumza na mtu mwingine alishindwa kuuona mfereji wa kiwandani, na mwezi huo huo akaanza kuumwa mgongo.

Kinyozi alisimama na brashi mkononi. Wao walidhani macho yalianza juzi juzi, na kwamba mzee wa watu hajui yalivyofikia. Alijua. Alikuwa amejua peke yake miaka yote hiyo, amekaa na siri hiyo chumbani, na hakuwa na mtu wa kumwambia kwa sababu hakuna aliyethubutu kukaa naye karibu kiasi hicho. Kinyozi alimhurumia. Papo hapo akamkasirikia vilevile. Alijua, na bado kila asubuhi alisema, haya watoto, pandeni.

Njia zilikuwa mbili. Afuate rangi nyeupe, auvishe mkanda mpya kama ulivyokuwa wa zamani, na gari litaendelea kuhema na kutetemeka, na Injinia ataendelea na petroli yake. Au afuate alama za kiwandani. Tatizo la njia ya pili ni masikio. Mtu anayeitambua spana kwa inavyogusa saruji atatambua injini iliyobadilika kabla Kinyozi hajatoa kichwa chini ya boneti. Akajishauri, akapiga hesabu, akataka sana kuifuata rangi. Mwishowe si ujasiri uliomwamulia. Aliutoa mkanda wa zamani, akajaribu tu kuuvisha ule mpya vibaya kwa makusudi, na mikono ikakataa, kama ambavyo ingekataa kumwachia mteja sharubu upande mmoja. Akaisogeza puli ya juu kwa spana, jino moja, mpaka mfereji ukatazamana na mstari wake. Akauvisha mkanda, akaukaza kwa tenshena yake, akazungusha injini kwa mkono huku pumzi ameibana. Hakuna kilichogota popote.

"Mbona kimya?" Injinia akauliza.

"Nahesabu meno."

"Vizuri. Hesabu."

Vifuniko vikarudi, puli ikarudi, mguu wa injini ukarudi, na ile bolti iliyopotea ikarudi. Gari likashushwa chini. Injinia akainuka kabla hajaitwa, akapapasa ukingo wa boneti, akafuata mlango, akaingia kwenye kiti cha dereva na kuushika ufunguo. Hiyo ilikuwa haki yake, na Kinyozi hakujaribu kuipinga.

Injini ikawaka mara moja. Haikutetemeka. Ilikaa ikinguruma kwa sauti moja, laini, na kioo cha pembeni kilichozoea kulia kilikuwa kimetulia. Injinia akaisikiliza. Akazima. Akawasha tena, akakanyaga mafuta kidogo, akaachia, akasikiliza inavyoshuka. Akazima. Kisha akabaki ameshika usukani, akitazama mbele kwenye ukuta.

"Ni upya wa mkanda tu huo," akasema. "Si ndiyo?"

Alikuwa amemfungulia mlango wa kutokea. Kinyozi aliuona, na miguu yake yote miwili ilitaka kupita hapo.

"Hapana, kaka. Ule wa zamani ulikuwa umepishana jino moja."

Injinia hakugeuka. "Mbele au nyuma?"

"Nyuma."

"Niliufunga mimi."

"Ndiyo, kaka."

"Mchana. Jua linawaka, hakukuwa na giza la kusingizia." Alipitisha kidole gumba juu ya usukani. "Nikapangusa macho, nikasema ni jasho. Nikapangusa tena. Ilipofika mwisho wa mwezi nikafunga gereji. Niliogopa nisije nikamuulia mtu injini yake."

"Na sisi, kaka?"

Maneno yalimtoka tu. Kinyozi alitamani ayakamate njiani, lakini yalikuwa yameshafika. Sasa Injinia aligeuka, akamtafuta kwa uso, akamkosa kidogo.

"Ninyi mnajua?"

"Sote tunajua."

"Mpaka watoto?"

"Mpaka watoto."

"Wanajua, na wanapanda?"

"Wanapanda."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe unawaambia wapande."

Injinia aliachia usukani. Mikono ikamlalia mapajani, mikubwa, yenye makovu ya kazi, na kwa mara ya kwanza Kinyozi akaona kwamba kaka yake ni mzee. Alitaka kumshika bega, akaona mikono yake mwenyewe ina oili, akaishusha. Halafu akamshika hivyo hivyo. Injinia hakuliondoa bega lake.

"Mama Watoto!" Injinia akaita.

Mkewe alitokea juu ya ngazi ya jikoni, povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Alimwangalia mumewe, akamwangalia shemeji yake, na Kinyozi akaitikia kwa kichwa kumwambia ndiyo, nimesema. Yule mama akashuka ngazi mpaka mlangoni mwa gari.

"Unapanda gari langu ukijua sioni," Injinia akasema.

Angeweza kulifunika, kwa kuwa alikuwa hodari wa kufunika. Alijifuta mikono kwenye nguo.

"Ndiyo, baba."

"Na watoto unawapakia."

"Nawapakia. Ila nawaketisha nyuma yako wote wawili, wanabanana." Akashika ukingo wa dirisha. "Nilisikia kwamba dereva akiona hatari, mkono wake huokoa upande wake kwanza. Hata asipotaka. Ndiyo maana nawabananisha upande huo."

Bomba la maji lilikuwa linadondoka kwenye ndoo. Hakuna aliyekwenda kulifunga.

"Na wewe?" Injinia akauliza, ingawa miaka yote hiyo alikuwa amekaa kando yake. "Wewe unakaa wapi?"

"Upande wa pili," mkewe akasema.

Injinia akafungua mlango, akashuka, na ufunguo akauacha pale pale.